Karai la Metroni

Kwanza mikono. Hukuingia katika shamba letu la mtaa bila kuonyesha mikono, kiganja na kisha mgongo wa kiganja, kama mtoto wa nasari. Metroni alikaa kwenye stuli kando ya lango, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Kwenye nguzo palikuwa na mtungi wa plastiki wenye mfereji, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba ili kisije kikahamia nyumbani kwa mtu. Ukinawa, unaingia. Usiponawa, unabaki barabarani na jembe lako.

"Lakini Metroni," nilimwambia siku yangu ya kwanza, "si naenda kushika samadi ya ng'ombe?"

"Samadi najua imetoka wapi," akasema. "Mikono yako sijui."

Nikanawa. Mimi ni mtu wa soko la Kitale. Nimebishana na wenye malori ya viazi kutoka Cheptais, nimebishana na askari wa manispaa, na nimewahi kubishana na padri juu ya fungu la kunde hadi akaongeza sadaka yake mwenyewe. Lakini pale langoni nilijua nimekutana na mtu ambaye bei yake haishuki.

Aliitwa Metroni kwa sababu alikuwa metroni, miaka mingi, katika wadi ya akina mama ya hospitali ya misheni huko upande wa Lugulu. Alipostaafu akaja kupanga nyumba mtaani kwetu, karibu na kinu cha kusaga mahindi. Kwa nini Kitale, na si kwao, hakuna aliyejua. Aliyemuuliza aliulizwa na yeye ni lini mara ya mwisho alipimwa presha, na mazungumzo yakahamia huko. Jina alikuwa nalo, lazima, maana serikali haiwezi kumlipa mtu pensheni kwa cheo. Lakini hata kadi za harusi zilimfikia zikiwa zimeandikwa "Metroni na familia", na familia yenyewe tuliyowahi kuiona ilikuwa mpwa wake mmoja, binti wa dada yake, aliyeishi Bungoma.

Shamba lenyewe lilikuwa jaa. Mtaa wetu uko nyuma ya soko, vyumba vya mabati vimepangwa mgongo kwa mgongo, na baina ya nyumba za mwisho na kijito palikuwa na ardhi ya manispaa ambako kila mtu alitupa alichochoka nacho. Metroni alikuja na koleo ya hospitali, ile ya kushikia pamba, akaanza kuokota vigae na wembe kimoja kimoja. Watu walisimama wakacheka. Mimi nilicheka pia, na mimi hucheka kwa sauti. Baada ya wiki kadhaa wenye kucheka wakaona aibu wakaleta reki.

Afisa wa manispaa alipokuja kuuliza ni nani amewaruhusu, Metroni alimkalisha kwenye stuli yake, akampa chai, akamwomba atoe ulimi autazame. Afisa akatoa. Mtu ambaye umemwonyesha ulimi huwezi tena kumfokea. Aliondoka ametukubalia tulime, ila kwa neno la mdomo tu, na kwa sharti moja: siku atakayokuta hata kipande kimoja kimelala bila kulimwa, manispaa itachukua lote.

Sheria zote za Metroni zilizaliwa na sharti hilo. Ya kwanza: kipande kikikaa msimu mzima bila mbegu, kinaenda kwa mwingine. Ya pili: mbegu ipandwe kwa mkono wa mwenyewe. Jirani anaweza kukumwagilia maji, anaweza kukupalilia, lakini kupanda ni wewe. Hii ya pili ilikuja baada ya bwana mmoja mwenye akili nyingi kupata kipande chake, cha mkewe, cha mama mkwe na cha mtoto ambaye bado alikuwa anatambaa, halafu vyote akavikodisha kwa watu wa mtaa wa pili. Metroni alimwita langoni akamwambia amlete yule mtoto apande. Tulisubiri tukaona mtoto akila udongo. Vipande vikarudi.

Na foleni ya kungoja haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa kwenye ua. Aliyetaka kipande alileta kitambaa chake mwenyewe, akakifunga kwenye waya wa seng'enge. Cha karibu na lango ndicho kinachofuata. Kipande kikipatikana, mwenye kitambaa cha kwanza anafungua chake anaingia nacho, na wengine wanasogea. Ungepita pale asubuhi ungedhani tumeanika nguo za watoto. Lakini kila mtu mtaani alijua kipi ni kitambaa cha nani, na hakuna aliyethubutu kukisogeza, maana Metroni alikuwa akivipita kila siku akiviangalia kama wagonjwa walio kwenye benchi.

Hospitali haikumtoka. Saa za asubuhi alipita katika mistari mikono nyuma, na sisi tukasimama kila mtu kwenye kipande chake, bila kuambiwa, kama wauguzi wanafunzi.

"Huyu amelalaje?" anauliza, akiinamia sukuma wiki.

"Amelala vizuri, Metroni."

"Mbona ana manjano?"

Sukuma wenye wadudu "walitengwa", yaani waling'olewa, wakafungwa kwenye gazeti, wakabebwa nje mkono umenyooshwa. Mboga iliyokomaa "iliruhusiwa". Siku aliyoniambia mboga yangu ya saga iruhusiwe niliipeleka sokoni nikawa nawaambia wateja hii imetoka hospitali leo, na kwa sababu ambayo siielewi hadi sasa, iliisha kabla ya saa nne.

Vijana wa kuosha magari walikuwa na kibanda chao pale kijitoni. Mmoja wao, mrefu, hakukosa kumchokoza.

"Niaje, Metroni!"

"Sijambo. Umeoga?"

"Metroni bana, si nashinda kwa maji siku nzima?"

"Gari limeoga. Nimekuuliza wewe."

Wenzake waliangusha ndoo kwa kicheko. Kesho yake kijana anarudia yale yale, na yeye anajibiwa yale yale, na nadhani wote wawili wangesikitika siku moja ikipita bila hayo.

Sasa nikueleze mambo ambayo hayakupatana, maana mtu huyu alikuwa nayo. Metroni hakula mboga. Mwanamke aliyelisha mtaa mzima majani hakuweka jani kinywani. Alikula mkate mweupe, mayai, na maini Ijumaa. Mwanzo nilidhani ni uvumi, nikaenda kwake mchana makusudi na bakuli la mrenda. Alilipokea, akalifunika, akaniambia atalila baadaye. Nilipotoka nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasikia akimwita mtoto wa jirani aje na kijiko.

"Yana chuma, yana damu, yana kila kitu," alisema nilipomkabili. "Nayajua vizuri. Ndiyo maana nawapa nyinyi."

"Na wewe?"

"Mimi nilishawahi kuyala. Mwaka mzima wa mafunzo tulipikiwa managu, ile mboga chungu ya kienyeji, mchana na jioni. Nilimaliza fungu langu."

Kitu kingine: hakujua kupatana bei. Sisemi hakuweza. Sisemi alidharau. Alitajiwa bei akalipa, basi, kama mtu anayesoma kibao. Iliniuma mwilini. Siku tulipohitaji mpira wa maji tulikwenda pamoja kwa mzee wa duka la hadwea, Kalasinga mmoja mpole ambaye alikuwa amezaliwa Kitale na aliongea Kibukusu kuliko mimi. Nilianza kazi. Nilishika mpira nikaukuta na kasoro. Nikatoka nje, nikarudi. Nikamkumbusha mzee mvua iliyompiga baba yake na baba yangu pamoja. Akashuka, akashuka tena, hadi tukafika mahali ambapo hata mimi nilianza kumhurumia. Hapo Metroni akafungua mkoba akalipa bei ya kwanza.

"Metroni!"

"Ndiyo bei aliyosema."

"Alisema ili tupunguze!"

"Basi angesema ile iliyopunguzwa."

Mzee akacheka hadi kilemba kikayumba. Akaingia ndani akatoka na keni ya kumwagilia, na viungio vya mpira, na karai la chuma lililochubuka rangi ukingoni, akatuwekea juu yake bure. Nilivihesabu vile vitu njiani nikibeba, kisha nikavihesabu tena. Kwa kelele zangu zote za miaka, nilikuwa sijawahi kuongezewa hata msumari.

Na hakupenda asante. Hilo ndilo lililonitesa zaidi baadaye. Ukimwambia asante alikutazama kana kwamba umemkohoa usoni. "Asante ya nini? Maji umeweka?" Ungefikiri ni ukali. Labda ulikuwa ukali. Lakini mama mmoja mtaani aliyejifungulia mikononi mwake, kabla hata teksi haijafika, aliniambia Metroni alimfunga mtoto, akamlaza kifuani pa mama yake, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake kitambo, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Sasa nifike Bungoma.

Mama yangu alipooza upande mmoja, ghafla, akiwa anachambua maharagwe uani kwake huko Bungoma. Kaka zangu wana ajira, dada yangu ana ajira, na mimi nauza mboga. Kwa hiyo kikao cha familia kilikuwa kifupi. Nilifunga mzigo siku ile ile. Na kwa bahati yangu, nilikuwa nimeng'oa sukuma wazee wiki hiyo tu, kipande changu kilikuwa kitupu, kimelimwa, kinangoja mvua za masika. Nilikiacha hivyo. Kipande hicho ndicho kilichokuwa meza yangu sokoni, ndicho kodi ya chumba, ndicho karo ya mwanangu Wafula. Sikuwa na kingine.

Mama hakuweza kugeuka bila mtu. Hakuweza kuzungumza, alitoa sauti tu, na alikuwa na hasira nayo hiyo sauti. Mvua ikaanza. Kila ilipopiga mabati nilisikia kipande changu kikinywa maji bure. Nilijua kitambaa kilichokuwa cha kwanza kwenye waya: cha buluu, cha mama wa mandazi, mjane, mtu mwema, mwenye haki. Nilitamani angalau angekuwa mtu mbaya.

Nikaenda kwenye kibanda cha simu nikampigia jirani yangu wa Kitale.

"Metroni anasemaje?"

"Anasema sheria ni sheria, Mama Wafula."

"Si unipandie wewe? Mistari miwili tu!"

"Ati nipande? Na yeye amekaa pale langoni? Mimi bado nataka kipande changu, dada."

Nilirudi nyumbani nikamtukana Metroni kwa lugha tatu, kimoyomoyo, nikimlisha mama uji. Mwanamke hana huruma. Analinda sheria kuliko watu. Mambo kama hayo. Niliyapanga vizuri, maana nilikuwa na nafasi.

Wiki iliyofuata, mchana, nasikia hodi. Natoka, namkuta Metroni mlangoni, viatu vimejaa tope jekundu la njia yetu, mkoba begani, na mikononi amekumbatia lile karai la hadwea. Limejaa udongo mweusi, limefunikwa kwa gunia bichi. Nilisimama nikiwa na mwiko.

"Mgonjwa yuko wapi?" akasema.

Hakuniuliza habari. Aliweka karai kwenye kivuli, akanawa, akaingia kwa mama. Alimwamkia kwa heshima kwa Kibukusu, kama binti anavyomwamkia mama, "Mulembe, mayi," akamgeuza kwa namna ambayo sikuwahi kuona mtu akigeuzwa, kana kwamba mama ni karatasi. Akatazama mgongo, visigino, viwiko. Mgongoni palikuwa pameanza wekundu ambao mimi nilidhani ni joto. Alinionyesha jinsi ya kupanga mito, mara ngapi ya kugeuza, jinsi ya kusugua mkono uliolala ili ukumbuke kazi. Alinifanya nirudie mbele yake hadi akaridhika. Ndipo tukatoka nje.

"Mikono," akasema.

Nilinyoosha. Akatoa pakiti ya mbegu mkobani.

"Panda."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa, badala ya kushukuru nikaanza kubishana, ndivyo nilivyoumbwa. "Metroni, umebeba udongo kutoka Kitale hadi Bungoma? Si ungenipandia tu kule? Nani angejua?"

"Mimi ningejua."

"Na miche ikiota utaihamisha wewe kwenda shambani. Huo si mkono wako?"

"Kumhamisha mgonjwa kutoka wadi moja kwenda nyingine si kumlaza upya," akasema. "Kadi yake ni ile ile. Panda, Mama Wafula, nina safari."

Ndani ya nyumba tukasikia sauti. Mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa akitutazama kitandani. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, mabega yanatikisika. Nilikimbia nikidhani amezidiwa. Alikuwa anacheka. Tangu augue alikuwa hajacheka. Metroni alichukua karai akaliingiza ndani, akaliweka juu ya blanketi, bila kujali udongo. Mimi nilipanda sukuma mstari baada ya mstari nikichora mfereji kwa kidole. Mwishoni Metroni alishika mkono mzima wa mama, akamtilia mbegu kidogo kiganjani, na mama akaziachia kwenye ukingo uliobaki, nyingi mahali pamoja, vibaya kabisa.

"Hao ni wa mayi," Metroni akasema. "Wakikua utamletea ale. Na usiwapunguze."

Aliondoka jioni ile, karai mikononi. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nikafungua mdomo kusema asante, akainua kidole.

"Visigino," akasema. "Usisahau visigino."

Yaliyotokea Kitale niliyasikia kwa mama wa mandazi mwenyewe. Metroni alifika, akawaita watu wote langoni, akaliweka karai juu ya stuli, akaeleza ni mkono wa nani umepanda na ni wapi. Akauliza kama kuna mwenye swali. Mama wa mandazi ndiye mwenye kitambaa cha buluu, kwa hiyo watu wote wakamgeukia yeye. "Nami nilikuwa na swali," aliniambia, "tena zuri. Lakini nikamwangalia yule mama mzima, tope limempanda hadi magotini, nikaona wacha tu niendelee kungoja." Alingoja msimu mwingine. Alipopata kipande, kilipakana na changu, na hadi leo mandazi yake siyanunui kwa kupatana. Nalipa anavyosema. Ni yeye tu.

Miche ilimea kwenye karai, barazani kwa Metroni, ikahamishwa. Mama alipoweza kukaa na kulalamika, nikarudi, nikakuta mistari yangu imesimama kijani, imenyooka, na kwenye kona kichaka kimoja cha sukuma waliosongamana kama watu wa foleni ya unga. Niliwachuma hao kwanza, nikawapeleka Bungoma. Mama alikula akiwa ameshika kijiko mwenyewe.

Nilimpelekea Metroni kuku. Alimpokea. "Kuku nimemwona," akasema. "Hiyo nyingine uliyokuja nayo mdomoni, rudi nayo."

Nikarudi nayo. Nimetembea nayo miaka.

Kisha akaanguka. Si kwa jambo kubwa, ni utelezi wa mlangoni tu, lakini nyonga ilivunjika, na mifupa ya umri ule haina haraka. Mpwa wake alikuja akamchukua kwenda kukaa naye Bungoma. Kipande cha Metroni mwenyewe, kile cha karibu kabisa na lango, kikabaki. Tulimwagilia kilichokuwepo hadi kikaisha. Msimu ukaelekea kumalizika. Sisi wa kamati ya shamba tulikutana tukazungumza juu ya mbolea, juu ya ua, juu ya kila kitu kingine. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutaja kipande chake. Lakini afisa mpya wa manispaa alikuwa ameanza kupita pale akisimama, akitazama, akiondoka. Na kitambaa cha kwanza kwenye waya kilikuwa cha njano, cha yule kijana mrefu wa kuosha magari, ambaye sasa alikuwa na mke na mtoto. Akipita langoni aliangalia upande wa pili.

Basi mimi nikachukua karai. Nililijaza udongo mzuri, nikalifunika kwa gunia bichi, nikanunua mbegu. Na kabla sijaondoka nikaona kwenye kipande chake managu yameota, yenyewe, kama kawaida ya managu. Nikachuma fungu.

Nilimkuta amekaa kwenye baraza la mpwa wake, blanketi magotini, mkongojo kando. Alikuwa amepungua. Miwani ilikuwa ile ile.

"Mikono," akasema.

Nikanawa. Nikaweka karai mbele yake, na pakiti ya mbegu mapajani mwake. Alilitazama, akalitambua kwa ile rangi iliyochubuka, na akatambua pia nilichokuja kufanya, maana hakuuliza. Alitia kidole kwenye udongo.

"Samadi haijaiva."

"Imeiva, Metroni."

"Nani wa kwanza kwenye waya?"

"Panda kwanza."

"Nimekuuliza."

"Yule kijana wa magari."

"Yule wa niaje?"

"Ameoa. Ana mtoto wa kike."

"Anaoga siku hizi?"

"Anaoga."

Akafikiri. Kisha akarudisha pakiti ya mbegu mapajani mwangu. "Mpe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilianza kazi. Nikamwambia apande msimu mmoja tu. Akakataa. Nikashuka: nusu ya kipande. Nikashuka: mstari mmoja, ukingoni, hata hautaonekana. Nikamwambia shamba lote ni lake kama ni haki. Nikamwambia hata hivyo si kitupu, kuna managu.

"Hayo yamejiotea," akasema. "Hayana mkono wa mtu."

"Mbona mimi uliniletea karai? Hapa hapa Bungoma! Kwa sheria hiyo hiyo!"

"Wewe ulikuwa unarudi, Mama Wafula."

Alisema polepole tu, kama anavyomwambia jamaa wa mgonjwa. Mpwa wake alikuwa mlangoni, akaingia ndani. Mimi nilitazama udongo. Sokoni huwa najua bei inapofika chini kabisa, kuna sauti yake, na hiyo ndiyo niliyosikia.

"Mwambie afungue kitambaa chake," akasema. "Na huu udongo mpe aanze nao. Samadi ichanganywe upya."

"Sawa," nikasema. "Kipande kinaenda. Lakini mimi sijawahi kutoka kwenye mapatano mikono mitupu, unanijua. Na wewe uache kitu."

"Unataka nini?"

Nikatoa lile fungu la managu mkobani. "Yametoka kwako. Kula sahani moja."

Nilidhani atanifukuza. Kisha akamwita mpwa wake aweke maji ya ugali jikoni.

Nilipika mwenyewe, na maziwa na chumvi kidogo, kama mama yangu anavyopika. Nikamletea maji ya kunawa. Alinawa, kiganja na mgongo wa kiganja, akajipangusa kidole kimoja kimoja. Akakata tonge, akalichovya, akatia mdomoni. Alitafuna kwa uso wa mtu anayepigwa sindano na hataki mtoto aone. Akameza. Akakata jingine.

"Na hii," akasema, "ndiyo mliyokuwa mnagombania kwenye waya?"

Aliendelea kula. Hakuacha jani. Alipomaliza alinisogezea sahani, akageuza uso kutazama barabara, na mimi sikuitamka asante yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshaipeleka ndani ya sahani. Nikaichukua ile sahani. Ilikuwa tupu. Niliitazama mara mbili.